Filamu ya tamasha si rekodi ya onyesho

Imekuwa desturi siku hizi kwamba msanii akipanda jukwaani, kamera kadhaa zikamfuata kwa saa mbili, na baada ya siku chache video nzima ikawekwa mtandaoni ikiwa imeongezewa nembo ya mdhamini pembeni tu, mashabiki huipokea kwa kuiita filamu ya hali halisi ya tamasha, na wapo wanaovuka mpaka wakasema kwamba hiyo ndiyo Woodstock yetu, wakiilinganisha na filamu mashuhuri ya tamasha la Woodstock la Marekani. Nia yao ni njema, na mara nyingi onyesho lenyewe lilikuwa la kusifiwa. Kilichokosewa ni jina, na kimekosewa mara nyingi kiasi kwamba yafaa kieleweke.

Filamu ya tamasha ni filamu ya hali halisi ambayo malighafi yake ni tukio la muziki lililofanyika mbele ya hadhira, na ambayo imehaririwa kwa makusudi ili iseme jambo kuhusu tukio hilo na watu waliokuwapo. Ufafanuzi unatosha hapo. Kazi iko kwenye mpaka kati yake na rekodi ya onyesho, ambayo ni kitu kingine chenye heshima yake.

Rekodi hulitii onyesho. Wimbo uliopigwa kwanza huonekana kwanza, uliopigwa mwisho huonekana mwisho, na kazi ya kamera ni kuhakikisha kwamba aliyebaki nyumbani hapitwi na kitu. Matangazo ya tamasha la hisani la Live Aid, ya tarehe 13 Julai 1985, kutoka Wembley jijini London na uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, ni mfano wa aina hii katika kiwango chake cha juu kabisa. Zile dakika ishirini za kundi la Queen ambazo watu hawachoki kuzirudia ni televisheni ya moja kwa moja, na utukufu wake ni wa mwimbaji wao Freddie Mercury na wenzake, kwa sababu aliyekuwa akichagua kamera hakuwa na nafasi ya kulala juu ya jambo na kuliamua kesho yake.

Filamu ya tamasha hailitii onyesho hata kidogo, na hakuna mahali ambapo hilo huonekana waziwazi kama katika filamu ile ile ya Woodstock ambayo watu huitaja wanapokosea. Tamasha la Woodstock lilifanyika kuanzia Ijumaa tarehe 15 Agosti 1969 hadi asubuhi ya Jumatatu tarehe 18, katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Max Yasgur huko Bethel, jimbo la New York. Mji wenyewe wa Woodstock uko mbali na hapo, kilomita 60 hivi, na waandaaji walifika Bethel baada ya kunyimwa kibali huko Wallkill, mji mwingine wa jimbo hilo, wiki chache tu kabla ya siku yenyewe. Uzio haukukamilika, watu wakamiminika wasiohesabika, tiketi zikakosa maana, na tamasha likatangazwa kuwa la bure kwa umati unaokadiriwa kuwa watu 400,000 au zaidi.

Michael Wadleigh, mwongozaji wa filamu iliyotoka mwaka 1970, aliwaingiza wapiga picha wake humo wakiwa na kamera za milimita 16, ambazo mkanda wake mmoja ulikwisha baada ya dakika kumi na kitu, ukabidi kubadilishwa, mara nyingine katikati ya wimbo. Jambo hili la kifundi linasahaulika sana. Hata kama Wadleigh angetaka kutengeneza rekodi kamili ya siku hizo, vifaa vyake visingemruhusu. Ilimbidi kuchagua wakati wa kupiga, na kisha kuchagua tena kwenye meza ya uhariri, ambako zililetwa picha za saa zipatazo 120 na kutakiwa zitoke saa tatu. Miongoni mwa waliokaa kwenye meza hizo walikuwa Thelma Schoonmaker, ambaye uhariri wake wa filamu hiyo uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, na kijana Martin Scorsese, ambaye wakati huo hakuwa na jina.

Tazama walivyoichezea kalenda. Kundi la Sha Na Na lilipanda jukwaani Jumatatu asubuhi, likifuatwa na Jimi Hendrix peke yake, lakini katika filamu linatokea mapema kabisa, kabla ya Joe Cocker aliyeimba Jumapili mchana. The Who, waliopiga alfajiri ya Jumapili, wamewekwa mara baada ya Joan Baez, ambaye ndiye aliyefunga usiku wa Ijumaa. Anayetazama akidhani kwamba anapelekwa saa kwa saa anapelekwa mahali pengine kabisa, kwa sababu mpangilio aliowekewa ni wa hisia, na mhariri ameamua wapi utulivu unahitaji kuvunjwa kwa gitaa na wapi kelele inahitaji kupumzishwa.

Kuna pia waliopiga na hawamo. Creedence Clearwater Revival, waliokuwa miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya Marekani mwaka ule, hawaonekani katika filamu ya 1970; Janis Joplin alisubiri hadi toleo refu la mwaka 1994. Rekodi ikimwacha mwanamuziki mkuu namna hiyo ina kasoro, ilhali filamu ya tamasha ina haki ya kumwacha ikiwa imeona kwamba habari yake inakwenda vyema bila yeye, au hata pale ambapo sababu ni ya mikataba tu.

Nafasi iliyopatikana ilijazwa na nini? Na watu wa Bethel wanaolalamika na wanaosifu, mvua ya Jumapili na matope yake, vijana wakipanga foleni ya simu ili kuwaambia wazazi kwamba wako hai, na mtu mmoja ambaye kwangu ndiye ushahidi mkubwa kuliko wote: fundi wa kusafisha vyoo vya kuhamishika. Anaendelea na kazi yake huku akieleza kwa furaha kwamba mwanawe mmoja yuko hapo tamashani na mwingine yuko vitani Vietnam. Hakupiga ala yoyote, wala wimbo haukusimama kwa ajili yake. Hata hivyo, mgawanyiko wote wa Marekani ya mwaka 1969 umepita katika maneno yake machache, na kamera ya rekodi isingemfikia kamwe, kwa kuwa ingekuwa imeelekezwa jukwaani.

Hata ile mbinu ya kuigawa skrini vipande viwili au vitatu, ambayo leo huigwa kama pambo, ilikuwa na kazi. Kipande kimoja kilibeba mwimbaji, kingine kikabeba umati, na mtazamaji akalazimika kuwasoma pamoja, asijue ni nani hasa anayemwimbia mwenzake.

Mwaka huo huo wa 1970 ilitoka Gimme Shelter ya ndugu Albert na David Maysles pamoja na Charlotte Zwerin, kuhusu ziara ya Rolling Stones iliyoishia kwenye tamasha la bure la Altamont, California, tarehe 6 Desemba 1969, ambako kijana mmoja aliuawa kwa kisu mbele ya jukwaa. Filamu hiyo inamkalisha Mick Jagger, mwimbaji wa kundi hilo, mbele ya meza ya uhariri na kumwonyesha picha hizo, nasi tunamtazama akitazama. Hakuna onyesho lolote duniani lenye kipengele hicho katika ratiba yake.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi uko Kinshasa. Septemba 1974 lilifanyika humo tamasha la Zaire 74, lililokuwa na James Brown, B.B. King, Celia Cruz, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley, likikusudiwa kutangulia pambano la ndondi la Muhammad Ali na George Foreman, pambano ambalo liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho. Mwongozaji Leon Gast alikwenda huko kuupiga picha muziki. Mikanda ikakwama katika mizozo ya fedha kwa miaka mingi, na ilipotoka mwaka 1996 kwa jina la When We Were Kings, ilikuwa filamu ya Ali, muziki ukiwa pembeni. Mwaka 2008 Jeffrey Levy-Hinte akayarudia makasha yale yale akatoa Soul Power, ambayo ni filamu ya tamasha kwelikweli, na Ali anaonekana humo kama mgeni mchangamfu. Tukio lilikuwa moja na kamera zilikuwa zile zile, lakini zikazaa filamu mbili zisizofanana, na hakuna hata moja iliyo rekodi ya Zaire 74.

Mtu makini ataniuliza kuhusu Stop Making Sense ya Jonathan Demme, ya mwaka 1984, isiyo na mahojiano wala watu wa vyoo, bali kundi la Talking Heads na jukwaa lao basi. Swali ni la haki. Mimi huihesabu kuwa filamu, kwa sababu Demme alipiga picha maonyesho ya usiku zaidi ya mmoja katika ukumbi wa Pantages, Hollywood, akayaunganisha kuwa usiku mmoja ambao haukuwahi kutokea, na akaizuia hadhira isionekane vyema hadi karibu na mwisho. Anayebisha ana hoja, na hatutagombana.

Kwa wale wa ile video ya saa mbili, basi, naomba tu waiite rekodi ya onyesho, au onyesho kamili wakipenda, na wamtaje fundi aliyeinasa sauti, kwa kuwa ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi. Na anayesema kwamba ameliona tamasha la Woodstock lote kwa kuwa amemaliza saa tatu za Wadleigh, aambiwe kwa upole kwamba ameiona filamu yake, na kwamba Creedence Clearwater Revival nao walipiga.