Mzigo Mmoja, Hati Moja, Sheria Ngapi?

Dhana: Umoja wa Mataifa ulishaipa dunia sheria moja ya kusafirisha mizigo kwa njia mbalimbali, yaani safari moja inayochanganya lori, treni, ndege au meli.

Ukweli: Mkataba upo kwenye karatasi tu. Ulipitishwa Geneva tarehe 24 Mei 1980 ukihitaji nchi 30. Zilizouridhia hazijafika hata nusu, kwa hiyo haujawahi kuanza kutumika.

Dhana: Hati ya usafirishaji ikiwa moja kwa safari nzima, sheria nayo ni moja.

Ukweli: Hapa ndipo wenye mizigo wanapoumia. Hati moja inakupa mtu mmoja wa kumdai, lakini kiasi cha fidia mara nyingi hutegemea mzigo uliharibikia wapi. Chukua mashine ya kilo 500 ndani ya kasha moja, ambayo thamani yake haikutangazwa. Vikomo vya fidia huhesabiwa kwa SDR, kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Mashine ikiharibikia kwenye lori chini ya CMR, mkataba wa kimataifa wa usafirishaji kwa barabara, ni SDR 8.33 kwa kilo: 4,165. Kwenye treni chini ya CIM, kanuni za kimataifa za mizigo ya reli, ni 17 kwa kilo: 8,500. Kwenye ndege, Mkataba wa Montreal unatoa 26 kwa kilo tangu Desemba 2024: 13,000. Melini, kwa Kanuni za Hague-Visby, hupati zaidi ya 1,000. Mashine ni ileile na hasara ni ileile!

Tena kontena lililofungwa lakiri halisemi lilipigwa wapi. Likifunguliwa mwisho wa safari, kila msafirishaji humsukumia mwenzake lawama. Ndiyo maana nasisitiza: lakiri ikaguliwe na hali ya kontena iandikwe kila linapohamishwa, na thamani ya mzigo itangazwe mapema.

Dhana: Kanuni za 1992 za UNCTAD (chombo cha biashara na maendeleo cha Umoja wa Mataifa) na ICC (Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara) zimeziba pengo.

Ukweli: Hizo ni masharti ya kibiashara. Zinafanya kazi pale tu zilipoingizwa kwenye mkataba, na zikigongana na sheria ya lazima, zenyewe ndizo zinazopisha.

Dhana: Kanuni za Rotterdam, mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mizigo inayopita baharini, zitamaliza tatizo.

Ukweli: Zilipitishwa mwaka 2008 na zinahitaji nchi 20, zilizoridhia ni chache, zikiwemo Hispania, Togo na Kamerun. Hata zikianza kutumika, safari isiyopita baharini haziigusi kabisa. Na mzigo ukithibitika kuharibikia kwenye lori kabla ya kupakiwa melini, mkataba kama CMR bado utakuwa na neno lake kuhusu fidia.