Mjamzito na homa ya mafua wakati wa baridi: maswali na majibu

Mafua yaliyompitia mume kwa siku tatu, mbona yamemlaza mkewe mjamzito wiki nzima?

Watu husema kinga ya mjamzito imeshuka. Si hivyo hasa. Kinga imebadili mwendo ili isimkatae mtoto, maana nusu ya vinasaba vyake ni vya baba. Kingamwili bado zinatengenezwa, ila baadhi ya askari wa mwili wanaopambana na virusi wamepunguzwa makali.

Kazi kubwa iko kifuani. Mfuko wa uzazi ukikua husukuma juu msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hadi sentimita 4 hivi, huku mwili ukidai oksijeni zaidi kwa karibu asilimia 20. Akiba ya hewa ni ndogo, kwa hiyo virusi vikishuka mapafuni mama huishiwa pumzi upesi. Wajawazito waliumia kuliko wenzao kwenye milipuko mikubwa ya homa ya mafua ya mwaka 1918 na mwaka 2009, na tena wakati wa UVIKO-19.

Virusi humfikia mtoto tumboni?

Vya homa ya mafua ni nadra kuvuka kondo la nyuma. Kinachomtesa mtoto ni joto la mama na upungufu wa oksijeni. Uchungu unaweza kuanza kabla ya wiki 37.

Homa ikinipanda nifanyeje?

Pima malaria kwanza. Usijiambie "hii ni baridi tu ya Makete" ikiwa wiki mbili zilizopita ulilala Kyela, bondeni kwenye joto na mbu wa malaria.

Parasetamo ya miligramu 500: vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamo ndani yake na utajikuta umezidisha. Diklofenaki na ibuprofeni usiguse bila daktari: kuanzia wiki ya 20 zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka, na mimba ikikomaa zaidi zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Antibiotiki haziui virusi.

Nijifukize? Na jiko la mkaa chumbani?

Nyungu chini ya blanketi hupandisha joto lilelile tunalotaka lishuke, na maji yakimwagika yanaunguza. Kunywa uji na chai ya tangawizi, inatosha.

Jiko ndilo baya zaidi. Usiku wa Julai Njombe au Mufindi, mlango umefungwa, mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hushika damu mahali pa oksijeni, na damu ya mtoto huiachia polepole kuliko ya mama. Liwashie nje, ulale na blanketi la ziada.

Lini niende hospitali bila kungoja kesho?

Mwenzako ahesabu pumzi zako kwa dakika nzima umetulia. Zikifika 25, nenda. Vivyo hivyo midomo ikiwa ya bluu, kifua kikibana, mtoto akipunguza kucheza, ukivuja maji au damu.

Na chanjo?

Chanjo ya homa ya mafua ya sindano, yenye virusi vilivyouawa, inafaa mwezi wowote wa mimba. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi hiyo, hivyo hutegemea kingamwili alizopata kwako kupitia kondo. Ukiugua baada ya kujifungua, nawa mikono, vaa barakoa, endelea kunyonyesha.