Kitanda cha kichanga ubavuni mwa mama: maswali ninayoulizwa kila siku

Ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya watoto utaviona: vitanda vidogo vya vyuma na kitambaa cha wavu, upande mmoja unashuka, na vina mikanda ya kukifunga kwenye kitanda cha wazazi. Mafundi wa Keko nao wanavichonga kwa mbao ukiwapelekea picha. Wajawazito wananiuliza sana kuhusu vitanda hivi, na mama wakwe wananiuliza zaidi.

Kwani ni lazima? Mimi nililala na mama yangu na nikakua.

Kitanda chenyewe si lazima. Kinachotakiwa ni mtoto alale chumba kimoja na mama, na humo chumbani awe na mahali pake peke yake. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2022 unashauri alale chumba cha wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo. Kwa Dar hilo la chumba kimoja halina mjadala, wengi tumepanga chumba na sebule, au chumba tu.

Gumu ni hilo la mahali pake. Kitanda cha wakubwa kina godoro linalobonyea, mito, mashuka, na baba aliyerudi hoi kutoka kazini. Kichanga pua ikizibwa hana shingo ya kujinasua, na mara nyingi hata kulia halii. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 4, aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo, na pale ambapo mmoja wa waliolala naye anavuta sigara, amekunywa pombe au amemeza dawa ya kuleta usingizi.

Kitanda cha ubavuni kinamweka mtoto umbali wa mkono. Mama aliyejifungua kwa operesheni ndiye anayekifurahia zaidi, kwa sababu saa nane usiku haimlazimu kujikunja ashuke kitandani na mshono unamuuma.

Usikope hela kwa ajili yake, lakini. Ufini serikali imekuwa ikiwapa wajawazito boksi la vifaa vya mtoto tangu mwaka 1938, na watoto wengi wa huko kitanda chao cha kwanza kilikuwa boksi hilohilo la karatasi ngumu lenye kigodoro ndani.

Nipime nini kabla ya kwenda dukani?

Pima kitanda chako mwenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Chukua futikamba, pima kutoka sakafuni hadi juu ya godoro. Usiishie kwenye chaga. Vitanda vyetu vya mninga na mkongo ni virefu, ukiongeza godoro la inchi 8 au 10 unakuta vitanda vingi vya dukani havifiki hata ukivipandisha hadi tundu la mwisho.

Halafu tazama mifumbati, zile mbao za ubavuni. Kwenye vitanda vingi vya kuchonga mbao hizo zimetokeza nje ya godoro au zimepanda juu yake. Ukisogeza kitanda cha mtoto kinagota kwenye mbao, na kati ya godoro lako na lake linabaki pengo, yaani mfereji wa kumezea mtoto. Nimewahi kuona pengo la namna hiyo limejazwa kwa taulo na kitenge kilichokunjwa. Usifanye hivyo. Kitambaa kinalegea usiku, kinashuka, na sasa una pengo pamoja na kitu laini ndani yake.

Kama vitanda viwili haviwezi kugusana bila kuacha pengo, pandisha ule upande unaoshuka, uufunge, kisha kiweke karibu na kitanda chako kikiwa na kuta zote nne. Hujapoteza kitu, isipokuwa utanyanyua mkono kidogo zaidi. Vikigusana sawasawa, kaza mikanda na uitikise kila jioni kabla ya kulala, maana kitanda cha magurudumu kwenye sakafu ya vigae husogea chenyewe. Godoro la mtoto lisiwe juu kuliko lako, na upande ulioshushwa ubaki na ukingo unaomzuia asibiringike kuja kwako. Kitanda kisicho na ukingo wowote upande wa mama usikinunue. Kwenye bidhaa zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya tafuta alama EN 1130, yaani kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitanda vya vichanga.

Fundi akinichongea cha mbao je?

Vizuri, ila mwambie akitengeneze chenye kuta nne kinachosimama chenyewe. Kukifunga kwa kamba kwenye kitanda kikubwa ni kubahatisha. Nafasi kati ya ubao na ubao isizidi sentimita 6. Nenda na kopo la soda la kawaida (si lile jembamba), likipenya, nafasi ni kubwa mno. Vanishi ikauke kabisa, na kitanda kikae nje siku kadhaa hadi harufu iishe.

Godoro ndilo la kugombania. Fundi atataka kukupendeza kwa sponji nene laini. Kataa. Bonyeza kwa kiganja: likibaki na shimo, halifai. Likishakaa kitandani, vidole viwili visiingie kati yake na ukuta. Magodoro na mito ya sufi ya bibi zetu mwachie mtu mzima.

Na cha mtumba?

Kinafaa kama kina skrubu zote, mikanda yote, wavu haujachanika na godoro ni lile lililokuja nacho. Cha mbao chenye ukuta unaoteleza juu na chini kiache hapohapo. Marekani waliacha kuruhusu viuzwe mwaka 2011 baada ya watoto kunaswa humo. Na mwaka 2022 walipiga marufuku vitu vya kulalia vinavyomwinamisha kichanga zaidi ya digrii 10, pamoja na ile mito ya kuzungushia kuta za kitanda kwa ndani. Vitu vya namna hii bado unaweza kukutana navyo sokoni.

Ndani niweke nini?

Shuka moja iliyobana. Khanga inafaa ikiingizwa vizuri chini ya godoro. Basi. Hakuna mto, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa, wala mdoli, wala nailoni iliyolegea. Kama una mpira wa kuzuia mkojo, uwe chini ya shuka na umevutwa ukanyooka. Hirizi au shanga za shingoni, hata kama familia inazitaka, zisilale na mtoto.

Chandarua tunafungaje?

Maelezo ya kwenye boksi hayasemi kitu hapa, na sisi ndio tunaoishi na malaria. Kosa la kawaida ni kuchomeka chandarua chini ya godoro la mama pande zote nne. Chandarua kinapita katikati ya vitanda viwili, kinavisukuma viachane, na mtoto anabaki nje na mbu.

Tafuta chandarua chenye dawa kilicho kipana kuliko kitanda chako, kining'inize juu ili kifunike vyote viwili. Pande tatu chomeka chini ya godoro lako. Upande wa mtoto kiteremke nje ya kitanda chake hadi sakafuni, kisimlalie usoni wala kufikiwa na vidole vyake. Ukipewa kimoja kliniki na ni kidogo, kitumie mchana. Mbu wa dengi anauma mchana, na Dar tuliona mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kile cha mwavuli kinafaa iwapo fremu ni ngumu na hakimgusi, siku akianza kukivuta kiondoe. Dawa ya mbu ya kuwasha usiiweke chumba anacholala, na jiko la mkaa lisiingie kabisa.

Usiku anatoa jasho. Bibi yake anasema ana baridi.

Januari hadi Machi Dar si mahali pa soksi, sweta na kofia ya sufu usiku. Joto kupita kiasi linaongeza hatari ya kichanga kufia usingizini. Mguse shingoni kwa nyuma au kifuani, maana mikono ya kichanga huwa ya baridi hata akiwa mzima. Kukiwa na jasho, punguza nguo. Kofia ivuliwe akilala ndani, labda kwa njiti ambaye muuguzi ameagiza vingine. Feni haina tatizo, mradi isimpulize usoni moja kwa moja. Ukimwona amechemka hata baada ya kumvua, mpime: nyuzi 37.5 au zaidi kwa kichanga ni safari ya hospitali, usiku huohuo.

Mkwe wangu anasema akilala chali atapaliwa na maziwa.

Mwambie hivi, kwa heshima: mama, mtoto akilala chali bomba la hewa linakuwa juu na bomba la chakula chini yake. Maziwa yakirudi, lazima yapande ndipo yaingie kwenye hewa. Akilala kifudifudi mambo yanageuka, bomba la hewa liko chini na maziwa yanashuka kulielekea. Mcheulishe kwanza, kisha mlaze chali, usiku na mchana. Ubavu nao haufai, kwa sababu kutoka hapo anabingirika kifudifudi. Tumbo ni la mchana akiwa macho na wewe unamtazama.

Nikisinzia namnyonyesha je?

Itatokea. Nyonyeshea kitandani, si kwenye kochi, kochi ndiko kubaya zaidi. Kabla hujaanza, sukuma mito na mashuka mbali. Ukizinduka tu, mrudishe kwake, usijilaumu.

Nimtoe lini?

Siku atakapojisukuma juu kwa mikono, kujipindua au kujaribu kukaa, hata kama ana miezi 4 tu, hata kama uzito wa mwisho ulioandikwa kwenye kibandiko hajaufikia. Hapo anahitaji kitanda chenye kuta ndefu. Kile kidogo mpe mdogo wako aliye mjamzito, na mikanda yote iwemo kwenye mfuko.