Sifa za wafanyakazi zinavyoingia kwenye hesabu za kampuni

Taarifa za fedha husainiwa na wakurugenzi, ndiyo maana wengi hudhani kila uamuzi uliomo umetoka juu. Sivyo. Tunapozungumzia sifa za wafanyakazi katika hesabu za kampuni, tunamaanisha jinsi elimu, uzoefu, maadili, maslahi na hata hofu za watu wa kawaida kazini zinavyochangia kuamua nini kiandikwe, lini, na kwa kiasi gani.

Chukua mzigo uliolala stoo. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinataka bidhaa ziandikwe kwa gharama yake au kwa kile kitakachobaki zikiuzwa, ukitoa gharama za kuziuza; inachukuliwa tarakimu iliyo ndogo. Lakini ni nani anayejua kuwa maboksi ya nyuma kabisa yameingia unyevu? Mtunza stoo. Akiwa makini na haogopi kusema, thamani itashushwa mwaka huu huu. Akinyamaza, faida itaonekana nono mpaka siku mzigo utakapotupwa. Afisa mikopo anayekisia madeni yasiyolipika naye yumo humo humo, na fundi anayejua mashine imebakiza miaka mingapi.

Kwenye pensheni, sifa hizi ni sehemu ya hesabu yenyewe: IAS 19 inadai makisio ya wafanyakazi wangapi wataacha kazi, wataishi muda gani, na mishahara itapanda vipi.

Maslahi nayo yana uzito, na mimi naona hayapewi nafasi ya kutosha. Mfanyakazi aliyepewa hisa za kampuni anajua akifichua udanganyifu, bei ya hisa itaporomoka na akiba yake pia.

WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, inaonyesha hali zote mbili: kunyamaza na kusema. Gharama za kukodi laini za simu ziliandikwa kama mali ili faida isishuke. Baadhi ya wahasibu walijua si sahihi, wakaziingiza vitabuni kwa shinikizo la wakubwa. Katika kampuni hiyo hiyo, mkaguzi wa ndani Cynthia Cooper na timu yake walifuatilia maingizo hayo, wakifanya kazi hadi usiku, kisha wakayafikisha kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi. Juni 2002 kampuni ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 zilikuwa zimeandikwa isivyo.