"Watu wetu hawapendi mabadiliko" na dhana nyingine zinazokwamisha mifumo mipya kazini

Nikiitwa kama mshauri katika kampuni ya Nairobi ambayo mfumo wake mpya wa kompyuta umekwama, iwe Westlands, Upper Hill au Industrial Area, hata kabla chai haijaletwa huwa nimeshaambiwa: "Mfumo hauna shida. Shida ni watu wetu, hawapendi mabadiliko." Anayesema ni mkurugenzi au meneja wa fedha, na husema kwa sauti ya huruma, kama mtu anayekueleza ugonjwa wa ukoo. Nimechoka kuijibu kauli hiyo kwa mdomo, ofisi baada ya ofisi. Nitaijibu hapa kwa kirefu. Zile nyingine nitazipitia mbio mbio.

Dhana: Wafanyakazi hupinga mfumo mpya kwa sababu wanaogopa mabadiliko

Hebu tuwatazame hao waoga. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na hakuna aliyepelekwa semina Naivasha kufundishwa kutuma pesa. Yule karani wa akaunti unayemwita mgumu ndiye anayejaza ritani zake za kodi kwenye iTax, tovuti ya mamlaka ya kodi. Ndiye aliyeshika eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka hiyo hiyo, maana kuanzia 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS iliacha kukubaliwa katika hesabu ya kodi. Ndiye aliyehangaika kuiandikisha familia yake SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya, ile ya zamani, NHIF, ilipoondoka Oktoba 2024. Hesabu za chama chao cha kuweka akiba ziko kwenye simu yake. Mtu huyu amebadilishiwa mambo mara nyingi kuliko bosi wake, tena bila mshauri. Akiukataa mfumo wenu, anaukataa huo wenu tu, na sababu anayo.

Sababu yenyewe huonekana na yeyote atakayekubali kusimama stoo saa moja. Chukua godauni lolote la Enterprise Road. Zamani lori likifika, karani wa stoo alihesabu katoni, akatia sahihi na muhuri kwenye hati ya mzigo, dereva akaenda zake. Sasa lazima afungue oda ya ununuzi, amtafute muuzaji, aingize kila bidhaa na nambari yake, bechi yake na tarehe yake ya kuisha. Oda ikiwa ilisema katoni 100 na zimekuja 96, skrini inagoma mpaka meneja aidhinishe, na meneja yuko mkutanoni. Nje dereva anapiga honi, kuna malori mengine nyuma yake. Hapo stima haijapotea bado.

Sasa uliza: ni nani anayefaidika na kazi hiyo ya ziada? Ripoti nzuri yenye rangi inatokea ghorofa ya nne, kwa mtu ambaye hakuingiza hata katoni moja. Mwanasayansi wa kompyuta Jonathan Grudin aliandika jambo hili mwaka 1988, alipochunguza kwa nini programu za kufanyia kazi kwa pamoja hazidumu: wanaobebeshwa kazi ni hawa, wanaovuna ni wale. Siku ya uzinduzi, pale penye keki na fulana zenye nembo, sijasikia mkubwa akisimama na kusema, "Mama, kazi yako itaongezeka ili yangu ipungue." Angalau angesema, wangejadiliana.

Kuna utafiti mmoja ninaourudia hadi wateja wangu wanachoka. Lester Coch na John French waliuchapisha mwaka 1948, kutoka kiwanda cha Harwood kilichoshona nguo za kulalia mjini Marion, Virginia, Marekani. Wafanyakazi walilipwa kwa kipimo cha kazi waliyotoa, na kila mtindo wa kazi ulipobadilishwa, uzalishaji ulianguka na watu wakaacha kazi. Uongozi uliamini unachoamini wewe. Basi wakagawa makundi. Kundi moja liliitwa, likaelezwa mabadiliko na sababu zake, likaruhusiwa kuuliza maswali, basi. Yaani walifanyiwa hasa kile kinachofanywa katika ofisi nyingi za Nairobi. Kundi hilo halikuinuka, na asilimia 17 yao waliondoka katika siku 40 za kwanza. Makundi ambayo kila mtu alishiriki kuipanga kazi mpya yalirudi kwenye kiwango chake upesi na kukipita kwa asilimia 14 hivi. Kipande ninachokipenda ni hiki: miezi miwili na nusu baadaye, wale waliobaki wa kundi la kwanza walikusanywa tena, wakapewa kazi nyingine, safari hii wakishirikishwa kuipanga. Wakainuka upesi kama wenzao. Watu ni wale wale, tabia zao zile zile. Kilichobadilika ni namna walivyoendewa.

Nitaulizwa kama kushirikisha ni kupeleka fomu ya maoni kwenye barua pepe. Hapana. Fomu hiyo itajazwa na watu watatu, na wote watakuwa wa idara ya kompyuta. Ushauri wangu, ambao nautoa hata nisipoombwa, ni huu: kabla ya kutia sahihi mkataba na muuzaji wa mfumo, mwenye kampuni aende aketi kando ya mtu mwenye foleni ndefu zaidi, siku nzima, mwisho wa mwezi, na anyamaze. Akifika jioni bila swali jipya la kumuuliza muuzaji, basi alikuwa kwenye simu.

Halafu kuna lile daftari la jalada gumu. Kila mfumo uliokwama una daftari chini ya meza, na meneja akiliona hulinyang'anya akidhani amekamata mhaini. Usilichukue. Lisome. Kila safu iliyomo ambayo haina nafasi kwenye mfumo ni hitaji mlilolisahau. Utakuta katoni zilizolowa zinazouzwa kwa bei ya chini, nambari za simu za madereva, na mteja aliyechukua mzigo akaahidi kulipa Ijumaa. Biashara yako halisi imo humo, kwa hati mbaya.

Wenzetu walioanzisha M-Pesa walilielewa hili. Majaribio yalianza 2005, Nairobi na Thika, na wazo lilikuwa kuwawezesha wateja wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kulipa mikopo yao kwa simu. Wateja wakaanza kuitumia kwa mambo yao wenyewe, mojawapo likiwa kutumiana pesa. Ilikuwa rahisi kusema wateja hawajaelewa, wafundishwe tena. Badala yake huduma ikajengwa juu ya kile ambacho watu walikuwa wakikifanya tayari, ikatangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani.

Na wezi je? Swali hili huja kila mara, kwa kunong'ona. Ndiyo, wapo. Mfumo wa mafuta ya magari ukiingia, kuna mtu sahani yake imeguswa. Lakini huyo haogopi mabadiliko kwa kutoyaelewa. Ameyaelewa mapema kuliko ninyi nyote. Dawa yake ni ukaguzi, si mafunzo. Kosa kubwa ni kuwatazama wote kwa jicho la yule mmoja, maana mtu mwaminifu akishahisi kwamba mashine imeletwa kumvizia, hatakusaidia hata kuiwasha.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, na wanaopumbazwa zaidi na upya ni wakurugenzi waliotoka kuonyeshwa slaidi. Mfanyakazi anayesita huenda ndiye pekee aliyekitazama kidonda.

Dhana: Mafunzo ya siku moja hotelini yanatosha

Watu arobaini, kompyuta kumi, mifano ya kampuni ya ng'ambo inayouza baiskeli, kisha nyama na ugali, kisha usingizi. Wiki tatu baadaye ndipo mfumo unawashwa, na kila kitu kimesahaulika hadi nywila. Mtu hujifunza kwa ankara zake mwenyewe, wiki ile ile anayoanza kuzitumia. Punguza hoteli, pesa hizo zimlipe mtu wa kuzunguka kati ya meza mwezi mzima wa kwanza, na hasa siku ya kufunga hesabu.

Dhana: Vijana watashika, tatizo ni wazee

Kijana anajua kubofya. Mzee wa miaka 55 anajua kwa nini mteja fulani hupunguziwa bei na mwingine hapunguziwi, na ndiye atakayeona kwamba thamani ya stoo kwenye skrini haiwezekani. Mpe kiti cha mbele wakati wa kuhamisha takwimu, umwamkie kwa heshima zake, umuulize. Wanaomwekea intani wa kumfundisha, wakamnyima nafasi ya kufundisha, hulipia baadaye.

Dhana: Asilimia 70 ya miradi ya mabadiliko hushindwa

Tarakimu hii iko kwenye slaidi za washauri wenzangu wengi, nami huwaudhi kwa kuuliza imetoka wapi. Mwaka 1993 Michael Hammer na James Champy, washauri wa uongozi wa biashara, waliandika kwamba kati ya asilimia 50 na 70 ya mashirika yaliyojaribu kuunda upya kazi zao hayakupata walichotafuta, na wao wenyewe wakasema makadirio hayo si ya kisayansi. Wengine wakayabeba. Mwaka 2011 mtafiti Mark Hughes alifuatilia chimbuko la asilimia 70 na hakukuta ushahidi halali. Ukionyeshwa tena, itazame pia ankara ya anayekuonyesha.

Dhana: Tuwatulize kwanza, tuwaambie hakuna atakayepoteza kazi

Kama si kweli, usiseme. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inataka notisi ya mwezi mmoja au zaidi kabla ya kumwondoa mtu ambaye nafasi yake imefutwa, afisa wa leba naye ajulishwe, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Wafanyakazi wako wanaijua sheria hiyo, au wana binamu anayeijua. Waambie yaliyoamuliwa, ambayo hayajaamuliwa, na tarehe ya uamuzi.

Dhana: Tuzime wa zamani usiku, tuwashe mpya asubuhi

Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliharakisha mfumo wake ukawashwa Julai 1999, wakati maagizo ya Halloween, sikukuu ya peremende ya mwisho wa Oktoba, yanaingia. Oda za takriban dola milioni 100 hazikufika kwa wateja, na bidhaa zilikuwepo ghalani.

Nairobi tuna kalenda yetu. PAYE, kodi ya mishahara, ni kufikia tarehe 9, VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 20, na 30 Juni kila mtu anakimbizana na ritani. Usiguse Juni. Mwezi mwingine wowote, wahasibu watataka salio lianzie tarehe 1, na lianzie hapo. Lakini stoo na mauzo waanze kuingiza kazi hai kuanzia tarehe 10, PAYE ikishatumwa. VAT ya mwezi uliopita itoke kwenye mfumo wa zamani. Baada ya hapo mfumo huo ubaki wa kusomwa tu, usikubali kuandikwa kitu, kwa sababu kumbukumbu za kodi zinatakiwa kuhifadhiwa miaka 5. Tarehe ya kuufunga iandikwe ubaoni mapema. Isipoandikwa, mwaka utapita watu wakiingiza kila risiti mara mbili, nami nitaitwa tena niambiwe hawapendi mabadiliko.