Kauli zilizoandaliwa: je, ni kweli seva imeandaa chochote?

Dhana: Nikiita `prepare()`, seva ya hifadhidata imeshaandaa kauli, yaani imeshaisoma SQL yenye nafasi za `?` na kuitunza ikisubiri thamani.

Ukweli: Si lazima. PDO, maktaba ya hifadhidata ya PHP, ikizungumza na MySQL huigiza tu, usipoizuia: thamani zinapachikwa hukohuko kwenye kiendeshi (programu inayounganisha msimbo wako na seva), na seva inapokea kauli ya kawaida. Connector/J, kiendeshi cha MySQL kwa Java, nayo ni hivyohivyo mpaka uwashe `useServerPrepStmts`. Kiendeshi cha PostgreSQL kwa Java (JDBC) chenyewe husubiri kauli itekelezwe mara ya 5 ndipo kiipe jina kwenye seva. Ndiyo maana hitilafu nyingine hazionekani kwenye jaribio fupi, zinaibuka programu ikishaanza kutumika.

Usibishane na msimbo, iulize seva. Kwenye MySQL, angalia kama kihesabio `Com_stmt_prepare` kinapanda. Kwenye PostgreSQL soma `pg_prepared_statements`, ila kwa muunganisho uleule wa programu yako; orodha hiyo haionyeshi kauli za vikao vingine.

Dhana: `prepared statement "S_1" does not exist` maana yake seva ni ya zamani.

Ukweli: PostgreSQL ina uwezo wa kuandaa kauli katika itifaki yake tangu toleo 7.4 la mwaka 2003. Mkague aliye katikati ya programu na seva, kama PgBouncer, inayogawia programu miunganisho michache ya seva. Kauli huishi ndani ya kikao kimoja, na PgBouncer ikigawa miunganisho kwa kila muamala, `S_1` inaandaliwa kwenye muunganisho mmoja kisha inaitwa kwenye mwingine usioijua. Ukiona `already exists`, ni ugonjwa uleule umegeuka upande. Toleo 1.21 la PgBouncer, la mwaka 2023, hulitatua hilo ukiweka `max_prepared_statements` juu ya sifuri, lakini si kwa `PREPARE` iliyoandikwa kwa mkono ndani ya SQL. Kwa toleo la nyuma, `prepareThreshold=0` kwenye JDBC inatosha.

Dhana: Alama ya `?` inakaa popote.

Ukweli: Hubeba thamani tu. Jina la jedwali au safu, hapana.

Dhana: Hitilafu 1461 ya MySQL (kauli zilizoandaliwa zimezidi kikomo) inaponywa kwa kuongeza kikomo.

Ukweli: Kikomo cha kawaida, 16382, ni kikubwa. Kikijaa, mara nyingi kuna mahali kauli zinaandaliwa ndani ya kitanzi bila kufungwa. Linganisha `Com_stmt_prepare` na `Com_stmt_close`: pengo likizidi kupanuka, tafuta kitanzi hicho kwanza.