Kwa nini shamba la bure Marekani lilikuwa kazi bure mpaka seng'enge ilipokuja?

Tarehe 20 Mei 1862, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ambayo ukisimuliwa unaweza kudhani ni utani. Mtu yeyote aliyefikisha miaka 21, awe mzaliwa wa Marekani au mhamiaji aliyekwisha kutangaza nia ya kuwa raia, angeweza kupewa ekari 160 za ardhi ya serikali. Alichotakiwa ni kulipa ada ndogo ya uandikishaji, kujenga nyumba, kulima na kukaa hapo miaka mitano. Baada ya hapo anapewa hati. Hata mwanamke asiye na mume aliruhusiwa kuomba.

(Hiyo "ardhi ya serikali" ilikuwa na wenyewe: Wapawnee, Wacheyenne, Walakota na wengine. Tutarudi kwao.)

Watu walikwenda, tena kwa maelfu. Lakini waliofika majimbo ya Kansas na Nebraska walikuta mbuga ya nyasi inayoishia kwenye upeo wa macho, udongo mzuri, na miti michache tu kandokando ya mito. Huko mashariki walikotoka, kila mkulima alikuwa amezoea kupasua magogo na kuzungushia shamba. Huku magogo hayakuwapo, na bila ua, mahindi yako ni chakula cha ng'ombe wa mwenzio.

Piga hesabu kidogo. Ekari 160 zikiwa mraba, kila upande una urefu wa mita 800 hivi. Kuzunguka shamba lote ni zaidi ya kilomita 3. Ua wa mbao wa urefu huo unataka maelfu ya vipande, na kila kipande kije kwa gari la moshi kutoka mbali, halafu kwa mkokoteni. Mwaka 1871 idara ya kilimo ya Marekani ilikadiria kuwa nyua za nchi nzima ziligharimu takriban dola bilioni 1.7. Kwa hiyo mtu alipewa shamba bure, kisha akashindwa na gharama ya kulizungushia.

Sheria nayo haikumsaidia. Sehemu nyingi za magharibi mwenye mazao ndiye aliyetakiwa kujikinga, siyo mwenye mifugo kuchunga. Ng'ombe walizurura popote, na wakiingia kwenye shamba lisilo na ua, mkulima hana wa kumdai. Wafugaji wakubwa waliipenda sana hali hiyo. Tangu 1867 walikuwa wakiswaga makundi ya ng'ombe wa pembe ndefu kutoka Texas hadi kituo cha reli cha Abilene, Kansas, na njia nzima malisho yalikuwa ya bure.

Wakulima walijaribu kila njia. Walipanda miti ya miiba kama sisi tunavyopanda michongoma, ila hiyo huchukua miaka kadhaa kufunga, na ng'ombe hangoji. Walijaribu waya mtupu. Ng'ombe akawashwa, akajikuna hapo, akaegemea, waya ukalegea. Joto likautanua, baridi ikaukata.

Suluhisho lilianzia kwenye maonyesho ya kilimo ya wilaya ya DeKalb, jimbo la Illinois, mwaka 1873. Mkulima mmoja, Henry Rose, alileta ubao mwembamba wenye ncha kali, wa kuning'iniza kwenye waya ili ng'ombe wasiusogelee. Watu watatu walisimama wakautazama kwa makini: Joseph Glidden, mkulima wa miaka 60, Isaac Ellwood, mwenye duka la vifaa vya chuma, na Jacob Haish, muuza mbao. Wote watatu walirudi nyumbani na wazo moja: ubao wa nini? Miiba na iwe kwenye waya wenyewe.

Glidden alianzia jikoni. Alichukua kinu cha mkono cha kusagia kahawa, akakirekebisha ili ukizungusha mpini kikunje kipande kifupi cha waya kiwe mwiba wenye ncha mbili. Miiba akaivisha kwenye waya mrefu. Tatizo likawa kwamba iliteleza, yote ikajikusanya mahali pamoja kama shanga kwenye uzi uliolegea. Hapo ndipo akafanya jambo lililompa utajiri: alichukua waya wa pili, akaufunga pamoja na ule wa kwanza kwenye jiwe la kunolea la kuzungusha, akasokota. Waya wa pili ukaibana miiba isiondoke. Na kwa kuwa waya uliosokotwa una mikunjo, ulistahimili pia joto na baridi bila kukatika. Chukua kipande cha seng'enge leo (wengine husema senyenge) ukitazame: nyaya mbili zilizosokotana, mwiba umebanwa katikati.

Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ilitolewa tarehe 24 Novemba 1874. Nusu ya haki alikuwa amemuuzia Ellwood kwa dola 265 tu. Nusu iliyobaki aliiuza mwaka 1876 kwa kampuni ya Washburn & Moen ya Massachusetts kwa dola 60,000, pamoja na mgawo kwa kila shehena. Haish hakukubali kushindwa. Kesi za nani alitangulia ziliendelea mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1892 kwa upande wa hataza ya Glidden.

Biashara yenyewe haikusubiri mahakama. Mwaka 1874 zilitengenezwa tani kama 5 hivi. Mwaka 1880 zilikuwa zaidi ya tani 36,000. Viwanda vilivyoongezeka vilishusha bei, reli zikabeba marobota ya waya na nguzo hadi katikati ya mbuga, na kampuni za reli zenyewe zikawa wateja, maana ng'ombe akigongwa njiani mwenyewe hudai fidia.

Ndipo zile ekari 160 zikaanza kuzaa. Mkulima aliyekuwa na uhakika wa kuvuna alithubutu kukopa, kununua jembe la chuma, kulima eneo kubwa zaidi. Wafugaji nao, baada ya kulalamika, waligundua faida yao. Ndani ya uzio unachagua dume gani limpande jike gani, na ng'ombe wa pembe ndefu, mwenye miguu ya safari na nyama kidogo, alianza kumpisha ng'ombe wa aina ya Hereford aliyenona. Kwa kuwa mifugo haikuweza tena kufuata mto, visima vyenye pampu za upepo vikachimbwa.

Wapo walioumia. Texas, ukame wa 1883 uliwakuta wafugaji wadogo nje ya nyua za matajiri, mabwawa yakiwa ndani. Usiku walitoka na koleo wakakata waya kilomita kwa kilomita, na watu wakauawa. Mapema 1884 bunge la jimbo lilifanya kukata uzio kuwa kosa la jinai, lakini likawalazimisha pia wenye nyua zilizokatiza barabara kuweka malango. Ng'ombe nao walilipa. Kaskazini mwa Texas ulijengwa uzio mrefu wa kuzuia mifugo isiteremke kusini. Dhoruba ya theluji ya Januari 1886 ilipopiga, ng'ombe waligeuzia upepo migongo kama ilivyo desturi yao, wakatembea mpaka kwenye waya, wakakwama, wakagandia pale wakiwa wamelaliana.

Kwa wenyeji asilia seng'enge ilikuja baada ya jeshi, mikataba iliyovunjwa na nyati waliomalizwa kwa bunduki. Sheria ya Dawes ya 1887 iliyakata maeneo ya makabila kuwa viwanja vya familia moja moja, kilichobaki kikauzwa. Mwaka huo walikuwa na ekari milioni 138. Kufikia 1934 zilibaki milioni 48. Kwa mtu aliyefuata wanyama na majira, mbuga iliyofungwa waya haipitiki.

Kuna jambo moja ambalo Glidden hakulifikiria. Hataza za Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, zilipokwisha muda miaka ya 1890, kampuni za simu hazikuona faida kupeleka nyaya kwa mkulima aliyejitenga. Wakulima wakatazama nje: waya wanao, umezunguka nchi nzima. Waliunganisha simu zao kwenye waya wa juu wa uzio, wakaukinga usiguse nguzo kwa shingo za chupa, vipande vya ngozi au pembe za ng'ombe. Simu moja ikilia, zote hulia, na jirani yeyote aliweza kunyanyua akasikiliza umbea. Mvua ikinyesha nguzo zililowa, sauti ikapotelea ardhini, na maongezi yakangoja jua litoke.